Mtungi, Chumvi na Unyevu wa Hewa: Majaribio ya Nyumbani Katika Nchi ya Kyela

Chumvi iliyoachwa wazi jikoni mwezi wa Aprili, pale Mbugani katika Wilaya ya Kyela, haichukui siku nyingi kuloa. Hakuna aliyeimwagia maji, paa halivuji, wala bakuli halikuwa na maji; hata hivyo asubuhi huonekana imeshikana mabonge, na chini yake pana majimaji. Mpishi huianika juani au huisogeza karibu na meko, na shauri huishia hapo. Lakini katika bakuli hilo mna swali ambalo mkulima wa kakao na wa mpunga hulilipia gharama kila mwaka: hewa ya leo ina maji kiasi gani, na je, bado ina nafasi ya kupokea mengine?

Nchi ya Kyela inafaa sana kwa somo hili. Ni uwanda wa chini, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko yapata meta 475 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta karibu na Matema; upande wa kaskazini nchi inapanda kuelekea Tukuyu na Mlima Rungwe. Hewa yenye unyevu itokayo ziwani inapofika kwenye miinuko hiyo hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo sababu Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na nyingi ya mvua hiyo hunyesha kati ya Machi na Mei. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufirio na Songwe hurudisha maji hayo ziwani.

Majaribio yanayoelezwa hapa hayahitaji maabara. Yanahitaji mitungi miwili, ndoo moja, chupa, chumvi, kitambaa cha pamba na vipimajoto viwili vya kuazima shuleni. Daftari na subira ni vya lazima kuliko hivyo vyote.

Maana ya unyevuanga

Maji yaliyo katika hali ya mvuke hayaonekani kwa macho. Ukungu na wingu si mvuke, bali ni matone madogo sana ya maji. Katika meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi, mvuke unaoweza kuwamo ni yapata gramu 30. Ikiwa joto ni nyuzi 20, ni gramu 17 tu. Mvuke ukizidi kiasi hicho, ziada hugeuka kuwa umande, ukungu au mvua. (Kwa wapenda usahihi: si kwamba hewa ina mfuko wa kubebea maji. Kiasi hicho huamuliwa na joto, na kingekuwa karibu kile kile hata kama hewa isingekuwapo. Lakini usemi wa hewa "kubeba" maji ni mwepesi, na madhali msomaji amekwisha onywa, utatumika.)

Unyevuanga ni uwiano, kwa asilimia, kati ya mvuke uliopo na mvuke ambao ungeweza kuwapo katika joto lile lile. Meta moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30, yenye gramu 18 za mvuke, ina unyevuanga wa asilimia 60, na imebakiwa na nafasi ya gramu 12. Ikiwa unyevuanga ni asilimia 90, nafasi iliyobaki ni gramu 3 tu. Hewa hii ya pili ni lazima ipite mara nne zaidi ili ichukue maji yale yale. Mwenye kuanika kakao na ayatafakari mahesabu hayo.

Jaribio la mtungi

Akina mama wa Kikisi wa Ikombe na vijiji jirani, kando ya Matema, hufinyanga vyungu kwa mikono, huvichoma katika moto wa wazi, na huvisafirisha kwa mitumbwi kwenda sokoni. Watu wengi husema kwamba maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo "una ubaridi wake". Usemi huo unastahili kupimwa, wala si kuchekwa, kwa maana aliyetia mkono katika mtungi ameuona ubaridi huo mwenyewe.

Itafutwe mitungi miwili ya udongo ya ukubwa mmoja, isiyopakwa rangi, ya lita tano hivi, pamoja na ndoo ya plastiki ya kiasi hicho. Mitungi ilowekwe siku moja kabla, ili vitundu vidogo vya udongo vijae maji. Mtungi mkavu hunywa maji mengi kwanza na huvuruga vipimo. Kisha kila chombo kitiwe maji lita tano kutoka pipa moja, na vyote vifunikwe kwa mifuniko ya namna moja. Mtungi wa kwanza uachwe wazi ubavuni. Mtungi wa pili uviringishwe kwa nailoni kuanzia kitako hadi shingoni na ufungwe kwa kamba, hewa isipite. Vyombo vyote viwekwe kivulini penye upepo, juu ya vigoda au vipande vya mti, visiguse ardhi. Halijoto ya maji isomwe kila saa, tangu asubuhi hadi jioni, baada ya kuyakoroga kidogo.

Mtungi ulioviringishwa nailoni ndio roho ya jaribio. Kama ubaridi ungekuwa katika udongo, mitungi yote miwili ingepoza maji sawa, maana udongo ni ule ule. Itakavyoonekana ni kwamba mtungi wa nailoni unafanana na ndoo, na ule ulio wazi unaiacha miwili hiyo nyuma. Kwa hiyo kazi ya udongo ni kupitisha maji polepole hadi ubavuni. Kinachopoza ni maji yale kugeuka mvuke na kuondoka. Mwalimu anayefanya jaribio kwa mtungi mmoja na ndoo moja tu hajathibitisha lolote juu ya udongo, kwa sababu amebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni fupi. Gramu moja ya maji igeukapo mvuke katika joto la nyumbani huchukua yapata jouli 2,430. Kupunguza joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ni kuondoa jouli 4.2. Basi zikitoka gramu 50, ambazo ni kama vijiko kumi vya chai, katika mtungi wa lita tano, joto linaloondoka ni jouli 121,500. Gramu 5,000 za maji zikipoa kwa nyuzi moja hutoa jouli 21,000. Ukigawa, unapata karibu nyuzi 5.8. Asilimia moja tu ya maji imepotea, na maji yaliyobaki yamepoa karibu nyuzi sita. Katika mtungi halisi kupoa huwa ni pungufu ya hapo, maana huku maji yanapopoa, joto la nje nalo huingia. Mwanafunzi ayapime maji yaliyobaki jioni, afanye hesabu, kisha alinganishe na kipimajoto. Tofauti kati ya hesabu na kipimo ndiyo joto lililoingia kutoka nje.

Neno moja la tahadhari: maji kuwa baridi si maji kuwa salama. Maji ya kunywa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mtungini.

Vipimajoto viwili

Jaribio la mtungi likirudiwa siku kavu ya Oktoba, na tena siku ya mvua ya Aprili, matokeo hayatalingana. Siku ya mvua mtungi hupoza kidogo sana, na pengine mwenye nyumba hulaumu mfinyanzi. Ili kujua kosa ni la nani, kinahitajika kipimo cha hewa yenyewe.

Vichukuliwe vipimajoto viwili vya spiriti vya namna ile ile. Visiwe vya zebaki, kwa sababu zebaki ni sumu na kioo huvunjika. Wala visiwe vya kupimia homa, ambavyo vimeundwa kupima joto la mwili tu. Kwanza vitiwe pamoja katika bilauri moja ya maji. Ikiwa kimoja kinasoma nyuzi 26 na kingine 26.5, nusu nyuzi hiyo iandikwe na itolewe katika kila kipimo kitakachofuata. Hatua hii aghalabu hurukwa, nayo huharibu kazi ya mwezi mzima.

Kisha tumba la kipimajoto kimoja livishwe kitambaa chembamba cha pamba kilichofuliwa vizuri, na ncha ya kitambaa iingie katika kichupa cha maji safi. Vyote viwili vitundikwe kivulini na vipepewe kwa kipepeo au jalada la daftari kwa muda wa dakika tatu au nne, hadi kile chenye kitambaa kisishuke tena. Kipimajoto kilicholowa ni mtungi mdogo: hupoa kwa kadiri maji yake yanavyoruhusiwa na hewa kuondoka. Iwapo hewa imeshiba mvuke, vipimajoto viwili vitasoma sawasawa.

Kama kipimajoto kikavu kinasoma karibu nyuzi 30, tofauti ya nyuzi 1 ina maana ya unyevuanga wa asilimia 93. Tofauti ya nyuzi 2, asilimia 86. Nyuzi 4, asilimia 73. Nyuzi 6, asilimia 61. Nyuzi 8, asilimia 50. Na nyuzi 10, asilimia 39. Kwa halijoto nyingine tarakimu hubadilika kidogo, na jedwali kamili hupatikana katika vitabu vya jiografia vya sekondari. Sasa hoja ya mtungi inaonekana wazi. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevuanga wa asilimia 40, kama ile ya mahali pakavu, hukishusha kipimajoto cha kitambaa hadi karibu nyuzi 22. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevuanga wa asilimia 85, ambayo si ngeni Mbugani wakati wa masika, hukifikisha nyuzi 26 tu. Hakuna mtungi uwezao kupita kikomo hicho, hata ukifinyangwa na fundi gani. Mfinyanzi hana kosa.

Mahali pa kuweka kipimajoto pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu na kuona kwamba maziwa yaliyotiwa kwenye jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza aliambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye hakulitupa bali alilifanyia majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education. Ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliorudia majaribio hayo walisema hawakuona ushahidi wa kutosha, tena walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti kubwa ya majibu. Kwa mwanafunzi wa Kyela jambo la kushika ni dogo: kipimajoto kikae mahali pale pale, kimo kile kile, kila siku.

Chumvi ndani ya chupa

Sasa turudi kwenye bakuli la chumvi. Chumvi safi ya kula huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevuanga unapopita asilimia 75. Chini ya hapo hubaki kavu. (Chumvi ya mawe, ambayo haikusafishwa, hulowa mapema zaidi kwa sababu ya chumvichumvi nyingine zilizomo.) Kwa hiyo chumvi ni kipimo, ingawa chenye alama moja tu: zaidi ya 75, au pungufu ya 75.

Nafaka nayo hubadilishana maji na hewa. Mahindi yakifungiwa chomboni, hewa iliyo kati ya punje hufikia unyevuanga unaolingana na maji yaliyomo katika punje. Na mahindi yenye maji asilimia 15 huifikisha hewa hiyo karibu asilimia 75. Kuvu nao hupenda kuota juu kidogo ya kiwango hicho hicho. Bahati hii njema imewapa wakulima wa nchi nyingi jaribio rahisi.

Chupa ya kioo yenye kizibo, kavu kabisa, ijazwe mahindi hadi theluthi moja. Chumvi safi ikaushwe juu ya kikaango hadi iteleze kama mchanga, iachwe ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha vijiko viwili au vitatu vya mezani vitiwe chupani. Chupa izibwe, itikiswe kwa nguvu dakika moja, na iachwe itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yamezidi asilimia 15 na hayajafaa kuwekwa ghalani. Ikianguka yote chini bila kushika kioo, yamekauka chini ya kiwango hicho. Mpunga unaweza kujaribiwa vivyo hivyo, ila kwake kiwango ni karibu na asilimia 14.

Kwa kakao shauri ni gumu zaidi. Buni za kakao huvundikwa siku tano hadi saba, na rundo hupata joto la nyuzi 45 hadi 50, ndipo huanikwa. Tuseme zinatoka kwenye kuvundikwa zikiwa na maji asilimia 55, na zinatakiwa zifike asilimia 7. Katika kilo 100, vitu vikavu ni kilo 45. Mwisho wa kazi kilo hizo 45 zitakuwa asilimia 93 ya uzito, yaani uzito wote utakuwa kilo 48.4. Maji ya kuondoka ni kilo 51.6, zaidi ya nusu ya mzigo. Yote hayo ni lazima yapite hewani, hewa ile ile iliyolowesha chumvi. Zikianuliwa kabla ya wakati, zikipita asilimia 8, kuvu huingia ndani ya gunia na ladha huharibika, wala hakuna mnunuzi wa kuirudisha. Jaribio la chupa laweza kufanywa kwa kakao darasani, lakini utando wa buni nao hunata. Lisitumike kuamulia bei. Ghalani kitumike kipimo halisi cha unyevu.

Kilicho bora kwa shule ni kupima uzito. Sinia tatu zitiwe buni gramu 500 kila moja: ya kwanza juani penye upepo, juu ya kichanja, ya pili juani lakini chini ya nailoni angavu iliyozibwa pande zote, ya tatu kivulini penye upepo. Zipimwe kwenye mizani kila siku saa kumi alasiri. Wanafunzi wengi watabashiri kwamba sinia ya pili itashinda, kwa kuwa ndiyo yenye joto kali. Waache wabashiri, na waandike ubashiri wao kabla ya kupima.

Kuyatia mahesabu katika kompyuta

Shule yenye kompyuta, au mwanafunzi mwenye simu ifanyayo kazi hiyo, aweza kuhamishia daftari lake katika programu ya majedwali. Anayeanza atenge safu tano: A kwa tarehe, B kwa saa, C kwa kipimajoto kikavu, D kwa kilicholowa, E kwa tofauti. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Katika kisanduku E2 aandike =C2-D2, kisha akinakili kuteremka chini; kompyuta itabadilisha namba za mistari yenyewe.

Makosa ya wanaoanza ni yale yale kila mahali. La kwanza ni kuandika "nyuzi 28" ndani ya kisanduku badala ya 28 peke yake. Kompyuta huyaona hayo kuwa ni maneno, na hesabu hukataa. Nyuzi ziandikwe kwenye kichwa cha safu. La pili ni kuchanganya nukta na mkato katika desimali. La tatu ni baya kuliko hayo, kwa kuwa kompyuta hailikamati. Mwanafunzi huandika =AVERAGE(E2:E61) na kupata wastani wa mwezi, huku vipimo vya alfajiri na vya alasiri vimechanganyika. Alfajiri tofauti ya vipimajoto ni ndogo, alasiri ni kubwa. Wastani wa vyote ni namba isiyokuwa ya saa yoyote. Mwenye kuanika anataka kujua saa zipi hewa ina nafasi. Basi vipimo vya kila saa viwe na jedwali lake, na mchoro wake.

Daftari lisitupwe. Umeme hukatika na mafaili hupotea, na penseli juu ya karatasi haipotezi kitu kwa namna hiyo. Kompyuta yenyewe iwe mbali na mitungi.

Maswali ya darasani

Kwa nini mtungi uliopakwa rangi ya mafuta hupoza vibaya? Kama mtungi wa lita tano umepoteza gramu 80 za maji, na maji yamepoa nyuzi 4 tu, ni jouli ngapi zilizoingia kutoka nje? Je, chumvi iliyowekwa nje kivulini, ikipimwa kila saa, hukauka saa ngapi, na siku hiyo vipimajoto viwili vilitofautiana kwa nyuzi ngapi? Na ikiwa shule mbili, moja ya Mbugani na nyingine ya Tukuyu, mji ulio juu yapata meta 1,000 kuliko uwanda wa Kyela, zitapima siku moja na saa moja, ni ipi ambayo kakao ingekauka upesi, na kwa nini kipimajoto kikavu peke yake hakitoshi kujibu?